Daraja Lisilo na Mwenyewe

Ukurasa wa mbele, niliouandika mwisho

Pyo In-seop, huna haya. Majani ya mlimani yalikuwa mekundu ulipoondoka Dolgae, sasa yameoza, nawe hujakanyaga tena. Simu hupigi, salamu hutumi. Aliyekula wali wangu ni mtoto wangu, na mtoto wangu hanyamazi namna hiyo ila awe amekufa. Wewe hujafa, nimeuliza.

Humu nilikuwa najiandikia mwenyewe. Shule sikusoma, herufi nimezipata uzeeni, ukumbini kwetu wanawake wa kijiji, na yule binti aliyetufundisha alisema tuandike kila siku hata kama ni mstari mmoja. Nimeona bora usome wewe. Sijafuta kitu, hata pale nilipokutukana.

Tarehe 8 Septemba

Kimbunga kimepita. Banda la nailoni la Ok, mwenyekiti wetu wa kijiji, limekutwa limening'inia mtini kama shuka la mtu aliyefumaniwa. Pilipili zangu nilizianua mapema, goti lilinionya. Ila daraja limevunjika. Kipande cha katikati kimekwenda na maji, vimebaki vichwa viwili vinatazamana kama mke na mume walionuniana.

Ng'ambo kuna nyumba moja tu, ya Dada Gurye. Gurye ni kwao, si jina lake. Huku mwanamke huitwa kwa mahali alikotolewa kuja kuolewa, ndiyo maana mimi ni Hadong mpaka kaburini. Amenizidi umri kidogo na ubishi sana.

Tarehe 9

Mto bado unanguruma. Asubuhi Gurye kapiga sufuria kwa mwiko, nami nikapiga yangu. Yuko hai.

Tarehe 10

Sufuria tena.

Tarehe 12

Maji yametulia. Nimevuka kwa yale mawe ya kukanyagia, nikampelekea supu. Nimemkuta anamenya vitunguu saumu kama vile hakuna kilichotokea. Akaniuliza mbona supu haina chumvi.

Tarehe 15

Lori la wilaya limekuja na mbao na vyuma, likakaa kidogo, likageuza. Ok anasema mahakama imesimamisha kazi. Mguu mmoja wa daraja umesimama kwenye ardhi ya marehemu Mzee Tak, na mwanawe anayekaa Seoul ameshtaki: ardhi ni yake, ruhusa hakutoa, daraja lisijengwe, na kilichobaki king'olewe.

Mimi nilikuwepo Tak alipotoa ruhusa. Aliitoa kwa mdomo, bakuli la pombe ya mchele mkononi, nasi wanawake tukabeba mchanga vichwani hadi shingo zikaingia mabegani. Enzi zile nani angemwambia mtu aandike neno lake? Ungekuwa umemtukana.

Tarehe 18

Tae-gyeong, mwana wa Gurye, amekuja kutoka Daejeon. Ni mtu mwema, machozi yako karibu. Amesema mbele yangu kwamba daraja lisiporudi kabla mto haujaanza kuganda, mama yake anahamia hospitali ya wazee mjini. Nafasi ameshaiomba. Gari la wagonjwa haliwezi kumfikia, na mawe yale yakishika barafu hata mbuzi hapiti.

Gurye alilivuta bakuli la mwanawe. Alimwongeza wali tu, akamwongeza tena. Mimi nikamtazama yule nikataka kumchapa, nikaona hana kosa, nikataka kumchapa vilevile.

Waliokwenda huko nawajua. Waliondoka na kifurushi kidogo cha nguo, wakasema ni kwa ajili ya baridi tu, machipuko watarudi. Nyumba zao nazipita nikienda dukani.

Tarehe 19

Mvua. Figili zimeota.

Tarehe 26

Sikukuu ya mavuno. Watoto wamekuja, wamekula, wamekwenda. Nyumba nzima inanuka mafuta ya kukaangia.

Tarehe 2 Oktoba

Nimepanda basi na Ok kwenda kuuliza habari za daraja. Wilayani wakasema lori walilileta kwa huruma. Daraja liko juu ya mto, na mto ni wa idara ya mito. Idara ya mito wakasema maji ndiyo yao, lakini daraja linakwenda mashambani, kaulizeni shirika la maji ya mashamba. Shirika wakasema wao kazi yao mifereji. Daraja ni njia, na njia ni za wilaya. Tumezungushwa kama ng'ombe wa jiwe la kusagia.

Kila ofisi ina wakili wake, na kila wakili ameshaiambia mahakama neno moja: si letu. Ok anasema hatari iko hapo. Yule wa Seoul hana haja ya kujisumbua. Kitu kikikanwa na wote watatu, jaji atakiona hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huondolewa. Daraja letu ni yatima mwenye wajomba watatu, kila mjomba ananyoosha kidole nyumba ya mwenziwe.

Gurye nimemwambia nusu tu.

Tarehe 9

Amekuja mwanamume kijana, mrefu, mwembamba, viatu si vya matope. Pyo In-seop, wakili kutoka ofisi ya mkoa. Kazi yake, kwa nilivyoelewa, ni kuwakusanya mawakili wa ofisi za serikali wasipigane kama majogoo mbele ya jaji. Serikali ina midomo mingi, yeye anatafuta neno moja la kuitoka yote. Nikamwambia mimi nina watoto watano na kazi hiyo imenishinda. Akacheka.

Nikampa wali, akakataa kwa adabu. Nikampa tena. Akala, kisha akatumbukiza pesa kwenye kopo la michango la ukumbi, kama anayelipa. Nimeona dharau. Tena ana shingo nyembamba. Simtegemei.

Tarehe 11

Tumemenya gam, matunda yetu ya rangi ya chungwa, tumeyafunga kwa kamba na kuyaning'iniza barazani yakauke. Ng'ambo Gurye naye kaning'iniza yake. Kutoka huku baraza lake linaonekana kama limevaa shanga.

Tarehe 16

Leo mkutano wa mawakili umefanyika, na umefanyika ukumbini kwetu.

Pyo alituambia sababu. Wilaya hawakubali kwenda idara ya mito, maana anayemfuata mwenziwe ofisini ataonekana amekiri. Mito hawakubali kwenda wilayani. Shirika hawakubali kwenda popote. Ndipo akawaambia, basi tukutane kwa wanawake wa Dolgae, sakafuni. Ok akaja kutuomba tuwapishe. Nikamwambia ukumbi ni wetu, sakafu imepashwa moto kutoka chini, nje kuna baridi, na maharage hayajichambui. Tukasogea kona moja na mabakuli yetu, Gurye na mimi na wengine.

Mawakili watatu wakavua viatu, wakaketi. Mtu ukimweka chini na soksi zake, cheo kinapungua. Yule wa shirika soksi ilikuwa na tundu, akawa anakificha kidole chini ya paja. Yule mnene wa wilaya alikimbilia mahali pa wakubwa, penye moto mwingi, kisha akawa anahama makalio, huku, huku, na kuhama kabisa anaona haya.

Wakaanza. Si letu. Wala si letu. Sisi ndio kabisa si letu. Pyo aliwaacha waseme hadi wakakauka. Halafu akasema, taratibu kama mtu anayeomba chumvi:

"Sijawauliza daraja ni la nani, waheshimiwa. Liking'olewa kesho, ofisi yako inapoteza nini? Hilo tu."

Tukasahau maharage.

Wa mito alijikuna kwanza. Kipimo chao cha kina cha maji kimefungwa kwenye mguu wa daraja. Kikiondoka hawatajua mafuriko yanakuja. Wa shirika akasema wao hawapotezi chochote. Pyo akamuuliza bomba la maji ya mashamba ya ng'ambo linapita wapi. Akafikiri. Linapita chini ya daraja, limefungwa hapo hapo. Uso wake ukawa wa mtu aliyesahau mtoto sokoni. Wa wilaya akabaki kututazama sisi wanawake, nadhani aliomba tumwambie yeye hana cha kupoteza.

Gurye akasema bila kuinua kichwa kwenye maharage yake, "Unanipoteza mimi, mwanangu. Kodi ya nyumba unaipokea, na kura yangu mnaikumbuka."

Wakacheka wote, na yeye pia.

Basi wakafika mahali. Hakuna haja ya kumtafuta mwenyewe. Wote wanalitumia, wote wamelitumia miaka yote hii bila kuuliza, kwa hiyo ni la umma. Wilaya watajenga, mito watatoa kibali, shirika watachangia kwa ajili ya bomba lao, na mwana wa Tak alipwe haki ya kipande chake. Na mbele ya jaji wasiseme watatu, aseme mmoja. Nani? Hapo wakaanza kuangalia dari. Pyo akasema atasema yeye.

Nilichoandika juu ya shingo yake nakirudisha.

Walipokuwa wanahangaika na viatu, mimi nikatoka kwa mlango wa jikoni. Buti la gari la Pyo halikufungwa. Nikamtilia chupa ya mafuta ya ufuta, ya ufuta wangu mwenyewe, na pilipili ya kusaga, na mfuko wa viazi vitamu. Mtu hafanyi kazi kama ile akarudi kwao mikono mitupu. Nimelala vizuri.

Tarehe 19

Mtu wa vifurushi kaleta boksi. Mafuta yangu, pilipili yangu, viazi vyangu, vimeviringishwa kama mayai. Gurye alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Kurudishiwa chakula ni kama kurudishiwa bibi harusi.

Tarehe 22

Ok amekuja kunieleza, amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Wakili wa serikali hapokei kitu kwa mtu ambaye shauri linamgusa, hata kiazi. Pyo alipofungua buti siku ile ile aliwaarifu wakubwa zake, na wamemwondoa kwenye shauri. Neno moja limepatikana, na sasa halina mdomo.

"Sheria gani hiyo inaogopa kiazi?" nikamuuliza.

"Ile ile tunayoitegemea itujengee daraja, Shangazi."

Pyo ni mpumbavu. Angepika, akala, akanyamaza. Nani angejua? Mama yake hakumfundisha kula bila kelele. Nimesema.

Tarehe 23

Sikwenda kwa Gurye. Nimeona haya.

Tarehe 24

Gurye kavuka mwenyewe kwenye mawe, na goti lake bovu, kuja kuuliza kama nimekufa. Nikamwambia nimemwuza kwa chupa ya mafuta. Akasema, "Daraja la kuangushwa na kiazi si daraja, Hadong. Washa moto." Tumevichoma vyote. Vilikuwa vitamu, ndicho kilichoniuma.

Tarehe 30

Amekuja wakili mwingine badala ya Pyo, mwanamke, Bang Ye-rim. Hataki chai, hataki maji, hataki kuketi penye moto. Anatembea na chupa yake ya maji kama anavuka jangwa. Akauliza maswali yake amesimama, akaondoka. Nimemwita jiwe la chumvi. Nadhani alisikia.

Tarehe 2 Novemba

Jalidi ya kwanza. Kabichi zimeamka nyeupe. Tae-gyeong kampigia mama yake simu, kamwambia nafasi imepatikana kule mjini. Kitanda cha dirishani, anasema, kana kwamba mama yake alilia dirisha.

Tarehe 5

Leo nimeona kitu. Nilikuwa barazani nageuza gam. Bang kaja peke yake, hakumwita Ok wala mtu yeyote. Akatazama yale mawe muda mrefu. Akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali, akaingia mtoni pembeni ya mawe, maji haya ya Novemba, mkono mmoja juu ya jiwe kama kikongwe. Akaenda hadi mlangoni kwa Gurye, akarudi vilevile. Alitaka kujua mtu wa umri ule anapitaje, na akikosa jiwe maji yanamfika wapi.

Nikamfuata na taulo. Nikamwambia taulo si zawadi, atajifuta ataniachia hapa hapa. Akalitazama kama anatafuta kifungu cha sheria ndani yake, kisha akalipokea. Miguu ilikuwa myekundu kama pilipili. Nikaketi karibu naye nikamuuliza habari za Pyo, mbona alikuwa mjinga vile.

"Si mjinga, Bibi. Angenyamaza, upande wa Seoul wangekuja kujua tu. Wangesema serikali imelishwa na kijiji, na yote mliyokubaliana ukumbini yangenuka ufuta. Amejitoa yeye ili maneno yabaki safi."

Nikauliza mbona basi hata kuja kutusalimu haji.

"Mimi ndiye niliyemkataza, mpaka shauri liishe. Amenuna mpaka leo."

Jiwe la chumvi, lakini bila chumvi chakula gani?

Tarehe 6

Baridi. Sufuria ya Gurye leo ilichelewa. Nilikuwa nimeshavaa viatu ilipolia.

Tarehe 10

Tumechemsha soya za kuchachusha. Mvuke hadi dari.

Tarehe 14

Mahakamani. Tumekwenda kwa basi, Gurye na mimi na Ok. Gurye kavaa ile nguo aliyojiwekea ya kuzikiwa, anasema haina kazi nyingine kwa sasa.

Jaji ni mtu wa makamo, mafua yamembana. Wakili wa mwana wa Tak akaeleza shauri lake vizuri, sikumchukia. Halafu jaji akauliza swali ambalo limeniamsha usiku mwingi. Akawatazama mawakili watatu wa serikali waliokaa mstari mmoja, akasema hapa mbele yake ana majibu matatu, na yote yanasema si letu. Sasa daraja hili ni la nani?

Nilimwangalia yule mnene wa wilaya. Alifungua mdomo. Nikamshika Gurye mkono. Yule mnene akaufunga tena, akamtazama Bang.

Bang akasimama. "Majibu yale matatu tumeyaondoa, Mheshimiwa. Ofisi zote tatu zina jibu moja, na wamenituma nilitoe mimi." Akalitoa lote: kipimo, bomba, nyumba ya ng'ambo na mtu aliyemo, nani atajenga, nani atatoa kibali, nani atachangia, mwenye ardhi atalipwaje. Sauti kavu, bila kupamba. Akasema maji ya mto ule mwezi huu yana baridi kiasi gani na yanafika wapi kwenye mguu wa mtu. Hakusema amejuaje.

Ndipo wakili wa Seoul akaleta mafuta yangu. Niliyasikia yakitajwa mahakamani, nikatamani sakafu inimeze. Amesikia, anasema, kwamba wanakijiji huwapa mawakili wa serikali zawadi. Bang hakugeuza hata shingo. Akasema ni kweli, ilitokea mara moja. Mpokeaji aliarifu siku ile ile, akaondolewa kwenye shauri, vitu vikarudishwa, na aliyevitoa amekaa kule nyuma na anajutia. Jaji akanitazama juu ya kitambaa cha mafua. Nikainamisha kichwa. Akasema, "Tuendelee."

Tuendelee. Sijapata kusikia neno tamu hivyo.

Tulipotoka nje nikamwona mwana wa Tak amesimama peke yake kwenye ngazi. Ana masikio ya baba yake, makubwa, yanapitisha mwanga. Nilikuwa nimemwekea matusi tangu Septemba. Nikamwambia tu kwamba masikio hayo nimeyajua kabla yake, na kaburi la baba yake linafyekwa na Ok kila mwaka, aje alione. Akainama sana. Akasema hakujua kama bado kuna mtu anakaa kule ng'ambo.

Tarehe 15

Nimelala mchana kutwa.

Tarehe 21

Ok kaja mbio, kaanguka kwenye figili zangu. Jaji ameondoa zuio. Daraja ni la umma, lijengwe. Kwanza wataweka la vyuma la muda, la zege watamwaga machipuko.

Nimevuka kumwambia Gurye. Alikuwa ameshaisikia sauti ya Ok, kijiji kizima kilisikia. Alikuwa anatoa nguo kwenye kifurushi kidogo kilichokuwa mlangoni. Sikujua kama alikuwa ameshafunga kifurushi. Tukazikunja pamoja, tukazirudisha kabatini.

Tarehe 29

Ukingoni mwa mto barafu nyembamba kama kioo cha saa. Mafundi wamefika. Wanakula sana, Mungu awape.

Tarehe 4 Desemba

Limesimama. Ni la chuma, baya, lina kelele ukikanyaga. Tae-gyeong kalivuka na gari lake mwenyewe kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtoto. Kisha akampigia simu mtu wa hospitali akasema kitanda cha dirishani wampe mwingine. Nimempakulia wali, nimemwongeza, nimemwongeza.

Tarehe 7

Leo tumetia kimchi, kachumbari yetu ya kuchachusha ya kula baridi yote, kabichi za kijiji kizima, uani kwa Gurye. Tumezivusha kwa mkokoteni juu ya daraja, likalia kila mara, na kila lilipolia Gurye akajibu, "Nimekusikia." Bang alipita kukagua vyuma. Nikamwonyesha jani moja la kabichi lililopakwa pilipili, nimelikunja vizuri kwa vidole. Nikamwambia shauri limekwisha. Akafikiri, akafungua mdomo kama kifaranga. Nikamlisha mwenyewe. Machozi yakamtoka kwa pilipili, akaomba lingine.

Ni yeye aliyeniambia, Pyo, kwamba hakuna tena anayekuzuia. Kwa hiyo sasa unazuiwa na nini? Haya? Nimekwisha kuona haya mimi kwa niaba yetu wote wawili.

Ukija, usisimame upande huu ukapiga honi. Ukumbini hutatukuta. Baridi hii yote chakula cha mchana kinaliwa kwa Gurye. Gari liache kwa Ok, vuka kwa miguu, ulisikie linavyolia. Mlango wake umevimba kwa unyevu, haufunguki kwa adabu. Usibishe hodi. Usukume kwa bega.